Nimepata kazi ya kufundisha China, lakini nimeambiwa nifiche ninakotoka

Shikamoo Mama,

Nakuandikia usiku, nyumba nzima imelala. Mimi ni mwalimu wa sekondari, mwanamke wa miaka 34. Nimefundisha Kiingereza na fasihi kwa miaka tisa katika shule ileile ya serikali niliyopangiwa nilipomaliza chuo. Nina mume na binti mmoja wa miaka saba. Nchi yangu naomba nisiitaje, na ukisoma mpaka mwisho utajua kwa nini ombi hilo lenyewe linaniuma.

Mwanzoni mwa mwaka rafiki niliyesoma naye chuo alinitumia tangazo la kazi ya kufundisha Kiingereza China. Nilijaza fomu kama mchezo tu. Baada ya wiki mbili wakala akanipigia: kuna shule ya chekechea inanihitaji, katika mji ambao sikuwahi kuusikia jina lake. Mshahara ni yuan 12,000 kwa mwezi, chumba cha kulala wanatoa wao, na nauli ya ndege watanirudishia nikishatimiza miezi sita. Mama, nilipiga hesabu nyuma ya daftari la mahudhurio, nikaifuta, nikapiga tena. Mwaka mmoja huko ungemaliza mkopo tuliochukua kwenye chama cha akiba ili tujenge, mkopo ambao kwa mshahara wangu wa sasa nitaulipa mpaka binti yangu aingie sekondari.

Kulikuwa na usaili wa video. Nilijiandaa siku nne. Niliandika andalio la somo, nikachora wanyama sita kwenye manila na kuwapaka rangi, nikaazima taa ya kusomea kwa jirani ili uso uonekane vizuri. Dada aliyenihoji hakuuliza hata neno moja kuhusu ufundishaji. Aliniomba nitabasamu, nihesabu moja mpaka kumi, niimbe wimbo wa watoto, kisha nisimame na kugeuka. Dakika kumi na moja, tukaagana. Wanyama wangu hawakuonekana. Kesho yake nikaambiwa nimepita.

Tangu hapo mambo mawili yananinyima usingizi. La kwanza ni viza. Wakala anasema nitasafiri na viza ya biashara, na kwamba karatasi za kazi "zitabadilishwa ukishafika, wote wanafanya hivyo." La pili ndilo zito zaidi. Aliniandikia hivi: "Mzazi akikuuliza unatoka wapi, sema Afrika Kusini. Anza kuzoea sasa hivi."

Nikaanza kuzoea. Juzi jioni nilikuwa napiga pasi sare ya binti yangu huku nikijisemea kwa Kiingereza kwamba natoka Afrika Kusini, mara ya kwanza, mara ya pili, nikitafuta sauti isiyotetemeka. Sikujua kwamba amesimama mlangoni na taulo begani. Kiingereza anakisikia vizuri. Akaniuliza, "Mama, kwani sisi hatutoki hapa?" Nilimwambia ni igizo la shuleni. Akacheka, akaenda kuoga. Mimi nikaisahau pasi juu ya kola mpaka ikaacha alama ya kahawia.

Mume wangu simwelewi. Nilipomweleza yote alikuwa anavalisha mto foronya. Akasema, "Fanya unavyoona wewe," akachukua mto wa pili. Hajalizungumza tena. Mama yangu mzazi yuko tayari kukaa na mtoto, ingawa magoti yanamsumbua na mjukuu hatulii. Mwalimu mkuu anasema ombi la likizo bila malipo huchukua miezi, na nikiondoka kabla halijajibiwa nitahesabiwa mtoro kazini. Wakala naye anataka jibu pamoja na dola 600 za maandalizi kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, la sivyo nafasi anampa mwingine.

Wenzangu wawili walikwenda kwa njia hiihii. Mmoja ananitumia picha za theluji na treni za mwendokasi. Mwingine amenyamaza tangu mwezi wa pili. Kila ninachomtumia hakijibiwi.

Ndugu zangu wananiambia bahati haiji mara mbili. Mimi najiona mwoga. Miaka yote nimewaambia wanafunzi wangu wasiiogope dunia, na leo dunia imeniita, nimejificha nyuma ya mlango. Je, niende? Na nisipokwenda, nitaweza kuishi na hilo?

Mwanao,
Mwalimu wa Njia Panda

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma asubuhi, nikairudia mchana, na mara zote mbili nilikwama kwenye ile kola iliyoungua. Asante kwa kuniletea jambo hili. Nitakujibu kwa urefu, kwa kuwa umeniletea mambo mengi yaliyofungwa kwenye furushi moja na kupigwa fundo la Ijumaa.

Kama nimekuelewa, hali ni hii. Kuna kazi yenye mshahara ambao ungeiondolea nyumba yako mzigo wa miaka. Kazi hiyo unaipata kwa karatasi ambazo huna uhakika nazo, na kwa kuikana nchi yako mbele ya wazazi wa watoto utakaowafundisha. Huku nyumbani kuna mtoto, mama mwenye magoti mabovu, mume aliyesema maneno matatu, na ajira ya serikali ambayo ukiiacha vibaya hairudi. Juu ya yote hayo umejibandika jina: mwoga.

Tuanze na jina hilo, kwa sababu mimi silikubali haraka. Jiulize jambo moja ukiwa peke yako. Kama wakala angekuambia kwamba viza ni ya kazi, kila kitu kimeandikwa, na siku ya kwanza utasimama mbele ya darasa ukitaja nchi yako, ungekuwa unakosa usingizi hivi? Ikiwa jibu ni kwamba ungeogopa kidogo lakini ungefungasha, basi dunia huiogopi hata kidogo. Kinachokukera ni masharti ya kuingilia. Na ikiwa jibu ni kwamba hata hapo usingeweza kumwacha mtoto, hilo ni jambo lingine kabisa, lina heshima yake, na halitatuliwi na karatasi yoyote. Nadhani kwa sasa haya mawili yamechanganyika moyoni mwako, na ndiyo maana swali la "niende?" halijibiki.

Kwa upande wa karatasi, majibu yapo. China huwapa wageni wanaokuja kufanya kazi viza ya herufi Z. Ya biashara ni herufi M, nayo ni ya mtu anayekwenda kukutana na wateja, kununua bidhaa, kisha anarudi kwao. Safari ya viza ya Z huanzia kwa mwajiri: yeye ndiye anayeomba kwenye mamlaka za huko, zinatoa taarifa rasmi ya kibali cha kazi chenye jina lako, anakutumia, nawe unaipeleka ubalozini pamoja na pasipoti. Ukishafika unakuwa na siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Maana yake, karatasi iliyo kubwa kuliko zote hutangulia ndege. Wakala anayekuambia itafuata baadaye ameugeuza utaratibu miguu juu. Zipo hali chache ambamo mtu aliye ndani ya China hubadilishiwa aina ya viza, lakini uamuzi huo ni wa mamlaka za huko, na yeye hawezi kukuahidi kwa niaba yao.

Sheria yao ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, inasema mgeni anayefanya kazi bila kibali hutozwa faini ya kati ya yuan 5,000 na 20,000, na hali ikiwa nzito huwekwa kizuizini siku 5 mpaka 15. Anayeondolewa nchini anaweza kuzuiwa kurudi kwa mwaka mmoja hadi mitano. Mwajiri naye hutozwa, yuan 10,000 kwa kila mtu aliyemwajiri kinyume cha sheria. Sasa iweke pembeni ya hesabu yako ya nyuma ya daftari. Faini ya juu inazidi mshahara wa mwezi mzima na nusu, na kizuizini utakaa wewe, wakati wakala yuko kwenye simu yake anamtafuta mwalimu mwingine.

Mwanangu, umenukuu maneno yake, "wote wanafanya hivyo." Wengi wamefanya, ni kweli, na wapo waliomaliza mwaka salama wakarudi na pesa. Sitakudanganya kwamba kila anayepita njia hiyo hukamatwa. Ila wewe mwenyewe una watu wawili tu unaowajua, na mmoja kati yao hujui aliko.

Kuhusu huyo aliyenyamaza, usikimbilie kuwaza mabaya. WhatsApp na huduma za Google zimezuiwa China, na watu hutumia WeChat. Inawezekana simu yake haipokei tu unachomtumia. Inawezekana pia yuko kwenye shida, au anaona aibu kusimulia. Wapigie ndugu zake kesho, waulize wanawasiliana naye vipi. Simulizi yake, hata ikiwa ya dakika tano, ina thamani kubwa kuliko picha zote za theluji.

Nije kwenye Afrika Kusini, jambo uliloliita zito kuliko yote. Sidhani wameichagua kwa bahati nasibu. Tangu mwaka 2017 China inawapanga wafanyakazi wa kigeni katika makundi matatu, A, B na C, na kwa mwalimu wa lugha kanuni ya jumla ni kwamba afundishe lugha yake ya kwanza, awe na shahada ya kwanza au zaidi, na awe na uzoefu wa miaka miwili, ingawa sharti hilo la mwisho husamehewa kwa waliosomea ualimu. Kwa Kiingereza, nchi ambazo kwa kawaida hukubaliwa ni Marekani, Uingereza, Canada, Australia, New Zealand, Ireland, na kutoka bara letu Afrika Kusini. Umeona sasa? Wamekutafutia nchi ya Kiafrika iliyomo kwenye orodha. Hilo linanifanya nishuku kwamba shule yenyewe inajua kibali chako ni kigumu kupatikana.

Najua kanuni hiyo inavyouma. Umefundisha Kiingereza miaka tisa, umesahihisha insha kwa maelfu, halafu mtu anakupima kwa rangi ya jalada la pasipoti. Hasira yako ni ya haki na sitaki uimeze. Lakini angalia uongo huu unamlenga nani. Ubalozi utaisoma pasipoti yako. Uwanja wa ndege utaisoma. Mgeni anayekaa kwenye nyumba ya kawaida anatakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24 tangu kufika, nao wataisoma. Serikali yote itajua unakotoka. Watakaodanganywa ni mama anayemleta mwanawe asubuhi na mtoto anayekushika kidole. Huko mwalimu huitwa laoshi, na "lao" ni neno la kumpa mtu heshima ya ukubwa. Wewe uliyeunguza kola kwa kujizoeza sentensi moja, jipime kama utaweza kuitika jina hilo kila siku kwa mwaka mzima huku ukiibeba sentensi ile. Pengine utaweza. Watu hubeba mengi kwa ajili ya watoto wao, na sitakuhukumu. Nataka tu uzito wake uujue ungali hapa.

Kuna dogo la kuongeza kuhusu chekechea. Mwaka 2018 wizara ya elimu ya China ilikataza shule za awali kufundisha mapema masomo ya msingi, Kiingereza kikiwemo, na Julai 2021 serikali ikabana sana biashara ya masomo ya ziada. Shule zinazoendelea kutafuta walimu wa kigeni wa watoto wadogo zipo, ila baadhi yake zinatembea ukingoni. Muulize wakala jina kamili la shule kwa herufi za Kichina, kama ilivyosajiliwa, na uombe kuzungumza na mwalimu wa kigeni aliyepo au aliyeondoka. Shule isiyotaka uzungumze na mtangulizi wako imekwisha kukujibu.

Tuseme unaamua kuendelea kuifuatilia nafasi hii. Njia iliyo mbele yako wiki hii ni kumwandikia wakala, kwa upole na kwa maandishi, kwamba uko tayari kuja kwa viza ya Z na kwa jina la nchi yako, na kwamba utalipa baada ya kuiona ile taarifa ya kibali. Muulize dola 600 ni za nini, kipengele kwa kipengele. Hatari yake ni wazi: anaweza kukujibu kwamba nafasi imechukuliwa. Itauma. Lakini kama sharti la kuipata lilikuwa kutouliza, ulikuwa unauziwa mbuzi kwenye gunia, na ni afadhali kujua kabla ya kutoa pesa. Anaweza pia kukushangaza, akaleta karatasi zote. Hapo tutakuwa na mazungumzo mengine.

Akileta mkataba, usome kama unavyosoma mtihani wa wanafunzi wako. Mikataba ya lugha mbili huwa na kifungu kinachosema nakala ipi itafuatwa zikitofautiana, na mara nyingi ni ya Kichina, kwa hiyo tafuta mtu wa kukusomea nakala hiyo. Angalia saa za kufundisha na saa za kukaa shuleni, maana ni vitu viwili. Angalia wanasemaje ukitaka kuondoka katikati, kwa kuwa kibali cha kazi hufungwa kwa mwajiri mmoja tu, na ukihama utahitaji barua yake ya kukuachia. Vyeti vyako halisi usimkabidhi wakala. China ilianza kutumia mkataba wa Apostili, ule wa kimataifa unaorahisisha uthibitishaji wa hati, tarehe 7 Novemba 2023, kwa hiyo ikiwa nchi yako nayo ni mwanachama, kuthibitisha vyeti ni hatua fupi. Kama si mwanachama, vitapita wizara ya mambo ya nje kisha ubalozini. Wizara itakuambia. Ukiwa huko, pasipoti ni yako. Itatoka mkononi mwako kwenda kwenye mamlaka kwa ajili ya kibali cha ukaazi na kurudi, haikai kwenye droo ya mkuu wa shule.

Na pesa? Hapa nataka upige hesabu ya tatu. Kutuma mshahara nje kupitia benki za China, mgeni huombwa mkataba na uthibitisho wa kodi aliyolipa. Anayefanya kazi kwa viza ya biashara hana vitu hivyo, na hujikuta akitegemea watu wa kati. Nauli inarudi baada ya miezi sita, kwa hiyo unaikopesha shule nusu mwaka. Ongeza dola 600. Ongeza miezi ambayo mshahara wako wa nyumbani umekatika na chama cha akiba kinadai. Waulize kabisa: makato yakikoma kwenye mshahara, wanamfuata nani? Wadhamini wako? Kisha jiulize swali nisilolipenda lakini ni la lazima: mambo yakiharibika mwezi wa tatu, utarudi na nini mkononi? Ukiona jibu linavumilika, hesabu yako ina miguu. Ukiona mkopo wa pili juu ya ule wa kwanza, basi hii ni bahati ghali.

Upo mlango mwingine ambao sijui kama umewahi kuufikiria. Kanuni inayokufungia Kiingereza inasema mwalimu wa lugha afundishe lugha yake mwenyewe. Umeniandikia Kiswahili kilichonyooka, cha mtu aliyekulia ndani yake. Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vikuu vya China tangu miaka ya 1960, na Chuo Kikuu cha Mafunzo ya Lugha za Kigeni cha Beijing ni kimoja kati ya vyuo hivyo. Sikuahidi kitu: nafasi ni chache, vyuo hupenda walio na shahada za juu, na hakuna atakayekujibu kabla ya Ijumaa. Lakini hapo ungeulizwa unatoka wapi, na jibu la kweli ndilo lingekuwa sifa yako. Kwa mwalimu wa lugha na fasihi, shahada ya uzamili katika Kiswahili inaweza kuwa njia ndefu ya kufika hukohuko, ikiwa dunia bado unaitaka. Au China si lazima iwe ndiyo dunia. Nchi nyingine zina masharti mengine, na uzoefu wa miaka tisa hauozi kabatini.

Ndugu zako wanasema bahati haiji mara mbili. Walisema kwa mapenzi. Lakini hii haikuja kwa bahati. Ulijaza fomu, ukachora wanyama, ukaazima taa. Mtu aliyefanya hayo anaweza kuyafanya tena kwa shule itakayomuuliza kuhusu somo.

Sasa mumeo. Umeyapokea maneno yake kama fumbo, na mimi nikiyasoma naona yanaweza kuwa na maana nne tofauti. Huenda anaogopa akikuzuia utamlaumu maisha yote. Huenda ameumia kwamba mshahara wake hautoshi na hajui aseme nini. Huenda kweli anakuamini. Huenda hataki uende na hana ujasiri wa kusema. Mimi sijui, na wewe hujui, na nina wasiwasi kwamba ulimweleza habari nzima kisha ukamwachia swali moja tu, aruhusu au akatae. Mtu akisimamishwa pale hunyamaza. Jaribu maswali madogo. Nani atamwamsha mtoto? Siku akiwa na homa usiku, nani anapigiwa kwanza? Tutazungumza saa ngapi? Kama mko Afrika Mashariki, nyumbani mko nyuma ya China kwa saa tano: kwako ikiwa saa mbili usiku na umechoka, kwa binti yako ni saa tisa alasiri. Inawezekana, kwa mpango, na kwa kuweka WeChat kwenye simu ya mumeo na ya mama yako kabla hujaondoka. Muulize pia ni jambo gani likitokea mtakubaliana urudi bila kuhesabu hasara. Akianza kujibu haya, utamsikia alipo.

Mama yako mzazi naye aulizwe upya. "Niko tayari" ya mzazi mara nyingi humaanisha "sitaki uwaze." Mpelekee siku moja ya mtoto jinsi ilivyo, kuanzia kuamka mpaka kulala, na muulize ni sehemu gani magoti hayaiwezi.

Ombi la likizo bila malipo liandike wiki hii, uende au usiende. Ni karatasi moja. Ikichukua miezi, basi miezi hiyo ianze kuhesabiwa sasa, na safari nyingine ikija itakukuta umejiandaa. Kuacha kazi kimyakimya ndilo jambo ambalo ukishalifanya huna namna ya kulirudisha nyuma, kwa hiyo liwe la mwisho kabisa kwenye orodha.

Umeniuliza kama utaweza kuishi na uamuzi wa kutokwenda. Sina budi kukuambia kwamba kubaki nako kuna gharama. Kuna mwezi utakapokatwa mkopo ukaikumbuka yuan 12,000. Kuna picha ya theluji itakayokuja siku mbaya. Na kwenda kuna gharama yake: jino la mtoto litakalong'oka hupo. Sikuwahi kukutana na mtu aliyechagua kati ya vitu hivi viwili akabaki bila majonzi kidogo. Kwa hiyo usingoje uamuzi usiouma ndipo uamini kwamba ni sahihi. Mashaka yangu kuhusu wakala umeyasikia, sijayaficha. Lakini maisha ni yako, mwanangu. Mimi sitakuwepo kwenye chumba kile cha ugenini wala mezani siku chama cha akiba kinapodai, na kwa sababu hiyo uamuzi nauacha kwenye mikono yako na ya mumeo.

Kabla ya Ijumaa, mjibu binti yako. Alikuuliza swali la kweli akapewa igizo, na watoto wa miaka saba hukumbuka. Leo jioni mtolee ile manila yenye wanyama sita. Mwambie uliichora kwa ajili ya watoto wa mbali ambao bado hujawaona, kwamba kuna mtu alitaka useme mnatoka kwingine, na kwamba bado mnafikiria kama mama aende. Kisha mwache aulize anachotaka.